Wimbo wa Shukrani ya Mzee Olima

Jumatano, 5 Juni 2024

Tarime. Mimi ni Sylvester Nyangwine, kiongozi wa bendi ya Nyarero Super Vijana. Umri miaka arobaini na mmoja. Naandika haya ili siku watu wakitafuta historia ya bendi wasihangaike.

Leo nimepata kazi kubwa. Mzee Olima, yule Mjaluo mfanyabiashara wa mbao, ametoka hospitali Mwanza salama baada ya kupasuliwa. Miezi miwili mji mzima ulikuwa unasubiri habari mbaya. Sasa watoto wake wanamfanyia sherehe ya shukrani, nyumbani kwake, Jumapili ya tarehe 16. Binti yake mkubwa, Everlyne, ndiye mwenyekiti wa kamati. Alikuja mwenyewe kwenye kibanda changu pale stendi, ninapowaingizia watu nyimbo kwenye flashi. Alitaka flashi moja tu ya nyimbo za kanisani. Akaondoka na bendi nzima. Mtu wa kawaida angemuuzia flashi.

Jioni tumekutana kwenye stoo ya mazoezi, kuchagua nyimbo. Hapo ndipo penye vita. Sisi hatutungi, tunapiga za wengine, kwa hiyo akili yote ya bendi iko kwenye kuchagua. Kabla sijafungua daftari langu, Nashoni katoa karatasi. Nashoni ni mpiga solo wetu, anatoka Kerende, mtu wa maneno machache, tena anaringa nayo. Nyimbo kumi na tano, zimeandikwa kwa kalamu mbili, nyeusi na nyekundu. Nikasema bendi hii ina kiongozi. Rispa, mwimbaji wetu, akasema kweli inaye, na ndiye aliyetupigisha kwenye harusi ya Nyamongo wimbo wa mume aliyetorokwa na mke. Sikuona sababu ya kufukua mambo ya zamani. Bwana harusi mwenyewe alicheza.

Wameniwekea sharti. Jumatatu baada ya sherehe tutapiga kura. Ama daftari la nyimbo linabaki kwangu, ama linakwenda kwa Nashoni pamoja na uongozi. Hata Benedicto, mpiga ngoma, aliyepaswa kunitetea kwa sababu mama zetu ni ndugu, alikuwa anatikisa kichwa kukubali.

Nitaandika ukweli maana hapa hasomi mtu. Kwetu nimezaliwa wa tano kati ya tisa. Shuleni sikuwahi kuwa kiranja, hata wa usafi. Kanisani waliwahi kunipa funguo za ghala, wakazichukua tena Jumapili iliyofuata. Kitu pekee nilichowahi kuongoza hapa duniani ni bendi hii. Daftari sitoi.

Alhamisi, 6 Juni

Mungu hamtupi mja wake. Wimbo umejileta.

Saa nne asubuhi kaja tandiboi wa lori la Wakenya kutoka Sirari, anataka niipunguze flashi yake imejaa. Nikaanza kusikiliza ili nijue cha kufuta. Wimbo wa saba hauna jina. Kijaluo kitupu. Gitaa linaanza polepole, halafu besi inaingia, halafu sauti ya mwanamume inaita jina la mtu. Mama mmoja wa Kijaluo akainuka kwenye benchi akaenda zake anapangusa macho.

Na video ilikuwemo, dakika moja na nusu. Boma kubwa, mahema, magari yenye spika, masufuria ya wali ambayo mtu angeweza kuoga ndani. Ng'ombe wanakimbizwa kwa filimbi, wanaume wamejifunga majani kichwani, bibi vizee wamenyoosha mikono juu. Sijawahi kuona furaha ya namna ile. Sisi Wakurya tukifurahi tunakula nyama. Wenzetu wanafurahi mpaka wanajitupa chini.

Nikamuuliza tandiboi. Akasema hiyo ngoma ni moto, haijawahi kupigwa watu wakose kulia.

Sasa sikiliza ufundi. Mwimbaji anataja jina la mtu mmoja mara kumi na tisa, nimehesabu. Kila mwanamuziki wa huku anajua maana yake: huyo ndiye tajiri anayesifiwa. Unatoa jina lake, unaingiza la mwenye shughuli yako, wimbo unakuwa wake. Tumeshawafanyia hivyo madiwani watatu. Nitatoa huyo wa Kenya, nitaingiza Olima. Yanafuata majina ya watoto, nayo nabadilisha. Halafu Mzee analia kwa furaha, kamati inalia, na Jumatatu nani atainua mkono kumpinga Sylvester?

Ila iwe siri. Rispa ndiye Mjaluo pekee kwenye bendi, na akijua leo Nashoni anajua kesho na kusema ni wake. Nitaimba mwenyewe. Maneno nitakariri, maana yake nitaipata kidogo kidogo kwa watu mbalimbali, kila mtu mstari wake, ili asiwepo wa kuniibia mzima.

Jumamosi, 8 Juni

Niliitisha mazoezi leo kwa makusudi. Nashoni ni Msabato, asingekuja, nami ningeandika kwenye daftari kwamba mgombea mwenzangu hahudhurii. Sikukumbuka kwamba Rispa naye ni Msabato. Na Benedicto. Na mwenye stoo, ambaye ndiye mwenye ufunguo. Nimekaa nje juu ya ndoo kwa saa mbili. Mahudhurio: mmoja.

Lakini siku haikupotea. Nilikwenda sokoni kwa Akello anayeuza nyanya, nikamwimbia mstari wa kwanza taratibu. Akasema maana yake ni kwamba mji wako umejaa watu, Jaduong', hata pa kukanyaga hapapo. Jaduong' ndiyo mzee. Mstari wa sherehe huo, hata mtoto anajua. Akello akaniangalia kwa huruma, akasema pole sana. Nikamwambia asante, kazi ya muziki ina mengi. Akaniongezea nyanya tatu.

Jumatatu, 10 Juni

Mistari miwili leo.

Wa pili nimeupeleka kwa Oduol, fundi viatu wa pale kona ya benki. Akaacha sindano. Akasema hapo wanaimba kwamba watoto wako wote wamekuja, hata yule wa Nairobi asiyekujaga. Nikafurahi sana, maana Mzee Olima anaye hasa mtoto wa Nairobi asiyekujaga. Ungedhani wametungiwa wao.

Oduol akavua kofia, akauliza kwa sauti ya chini ni nani. Nikaona siwezi kumnyima kila kitu mtu aliyenisaidia. Nikamwambia ni Mzee Olima. Akashika mdomo. Akasema si walisema amepata nafuu? Nikamwambia asitoe neno kwa mtu, familia bado haijatangaza, ni Jumapili, pale pale nyumbani. Akaapa. Oduol ni mtu mzito, siri kwake iko salama.

Mstari wa tatu nimeupata kwa mlinzi wa shule. Pumzika sasa, umetembea sana, hakuna atakayekuamsha. Mtu katoka hospitali, anaambiwa apumzike asisumbuliwe. Kamati yenyewe isingeweza kusema vizuri zaidi.

Jumatano, 12 Juni

Mazoezi kamili. Nimekubali orodha ya Nashoni yote kumi na tano bila kubishana. Walishangaa. Rispa akaniuliza kama naumwa. Nikacheka kimoyomoyo. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Nimejiombea nafasi ndogo tu, baada ya chakula, dakika saba, salamu za kiongozi. Nashoni akatazama karatasi yake, akasema sawa. Hajui kitu.

Walipoondoka nikambakiza Benedicto tukafanya wimbo wangu, mimi besi na sauti, yeye ngoma, gitaa linatoka kwenye flashi. Benedicto hajui Kijaluo hata cha kuombea maji. Akasema, mura, kijana wa kwetu, huu wimbo unanitia baridi mgongoni. Nikamwambia hiyo ndiyo dalili ya wimbo mkubwa.

Everlyne nilimpigia simu, akanipa majina ya wadogo zake wote kwa mpangilio wa kuzaliwa, saba. Akauliza ni ya nini. Nikasema kuna zawadi kwa Mzee. Akanishukuru mpaka nikaona haya. Alisema miezi ile miwili alikuwa halali, kila simu ikiita anadhani ndiyo hiyo, na sasa anataka baba yake acheke siku nzima. Nikamwahidi.

Mke wangu Eunice alinisikia nakariri bafuni. Akasema mbona kama wa msiba. Nikamuuliza tangu lini amekuwa Mjaluo. Akaendelea kuchambua maharage.

Ijumaa, 14 Juni

Sifa zimeanza kutangulia.

Sokoni wanawake wa Kijaluo wamejikusanya kwenye kibanda cha Akello, wanachangishana unga, sukari na majani ya chai. Niliuliza ni kwa ajili ya Jumapili kwa Mzee Olima? Wakasema ndiyo, wote tunakwenda. Mmoja akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Hawajawahi kunishika mkono.

Oduol kafunga kazi mapema. Kasema anakwenda kumpokea ndugu yake kutoka ng'ambo, kwa shughuli hiyo hiyo. Yaani watu wanavuka mpaka kuja kuisikia bendi yangu. Nashoni na kalamu zake mbili amewahi kuvusha nani?

Rispa amesema Everlyne anapigiwa simu za ajabu. Akipokea, mtu analia, halafu anakata. Everlyne anadhani ni wale waliochelewa kupata habari za upasuaji. Mimi nadhani ni mtandao.

Jumapili, 16 Juni

Naandika nikiwa chumbani. Eunice amefunga mlango kwa nje, anasema ni kwa usalama wangu.

Nianze na mazuri. Hema lilipendeza. Mzee Olima alikaa mbele, suti ya kijivu, amekonda lakini macho makali, pembeni yake dada yake mkubwa, bibi wa miaka zaidi ya themanini. Nikampa shikamoo, akaniitikia vizuri. Nashoni akafungua na nyimbo za kumshukuru Mungu, watu wakacheza, siwezi kukataa. Ikaja pilau. Nikamtuma Rispa akale kule nyuma na wapishi, nikamwambia wamembakizia maini. Nashoni nikamwambia kuna mtu anamwita getini. Hakukuwa na mtu. Basi, wakati huo hakukuwa na mtu.

Nikashika kipaza sauti. Nikasema wimbo huu ni zawadi kwa baba yetu. Everlyne akapiga makofi. Nikampa Benedicto ishara.

Mstari wa kwanza, watu wakaacha kula. Nikaona nimewashika. Mstari wa pili, nikaita Olima, Olima, kwa sauti niliyokuwa sijawahi kuitoa. Yule bibi akageuka akamtazama kaka yake, akanitazama mimi, akamtazama tena kaka yake. Nikaingia kwenye majina ya watoto. Nilipofika kwa yule wa Nairobi, ambaye kumbe kweli alikuwa amekuja, kijana akaangusha sahani. Bibi akainuka, akaweka mikono kichwani, akaanza. Sauti ile sitaisahau. Na bibi mmoja akianza, wengine hawaulizi, wanaitikia. Nikasema moyoni, ndiyo hii sasa, kama kwenye video.

Hapo ndipo lori lilipoingia.

Lori la ng'ambo, watu wamejaa mpaka juu ya kichwa cha dereva, wamevaa majani, wanalia jina la Olima tangu barabarani. Nyuma yake wanawake wa soko na masufuria yao. Nyuma yao Oduol, hana kofia, anavuta ng'ombe. Wakaingia kwa kukimbia, wengine wakajitupa chini kabla ya kufika kwenye hema. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimefika kwenye pumzika sasa, hakuna atakayekuamsha, nikaongeza sauti ili wasikie na wa nyuma.

Mzee Olima akasimama na kijiko mkononi. Akauliza nani amekufa. Akello alikuwa wa kwanza kumwona. Akasimama, akamwangalia juu mpaka chini, akakaa palepale chini na sufuria lake. Kelele zikafa moja moja, ukabaki wimbo wangu tu na lile gitaa la kwenye flashi ambalo halijui kusimama. Rispa alitoka jikoni anakimbia na kipande cha ini mkononi, akachomoa waya. Akaniambia mbele ya watu wote kwamba huo wanampigia mtu akiwa ndani ya sanduku.

Sanduku lenyewe lilikuwemo kwenye lori. Mdogo wake Mzee alikuwa amelileta chini ya turubai, zuri, lina dirisha la kioo. Mzee Olima akaomba lishushwe. Akalizunguka. Akagonga mbao, maana mbao ndiyo kazi yake, akasema hii si mninga, umedanganywa. Halafu akajipima nalo kwa mkono, akamwambia mdogo wake kwamba wamekua wote nyumba moja na bado hajui kaka yake ana urefu gani. Mdogo mtu akalia upya, na safari hii alilia kweli. Mzee akamshika bega.

Everlyne hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisimama mbele yangu, akauliza kwa nini, neno moja tu, machozi yanamtoka, na mimi niliyekariri dakika saba za Kijaluo nilikosa hata neno moja la Kiswahili. Niliona aibu. Niliingia nyuma ya spika nikakaa na nyaya.

Kutoka huko nilimsikia Nashoni. Alichukua gitaa akaanza wimbo wake wa nne, ule mwekundu, wa kumshukuru Mungu kwa uzima. Rispa akaingia. Waliokuja kulia wakasimama, wakajifuta, wakacheza na majani yao kichwani. Mzee Olima alicheza na dada yake. Ng'ombe alichinjwa, maana alishafika. Nimeambiwa sherehe ilikuwa kubwa kuliko yoyote tangu barabara iwekwe lami. Mimi niliondoka kwa nyuma, Benedicto akanipakia kwenye pikipiki yake.

Jumatatu, 17 Juni

Kura zimepigwa. Nashoni tatu, mimi moja. Benedicto aliinua mkono kwa Nashoni huku ananiangalia, anasema nisikasirike, mura, mambo ya bendi ni ya bendi.

Nashoni alinyoosha mkono kupokea daftari. Nililishika kidogo. Nikamwambia kurasa za mwisho zina mafuta ya maandazi, awe mwangalifu. Akasema atakuwa. Akaniambia nibaki kwenye besi, nina mkono mzuri wa besi. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo, na kaniambia siku hiyo. Nilitoka nje nikalia kidogo kwenye ukuta wa stoo, kisha nikanunua muhogo wa kuchoma.

Tarehe 29 wanapiga hotelini Mugumu, huko Serengeti. Nashoni ameshaandika orodha. Nimemwambia nitamjibu.

Alhamisi, 20 Juni

Nimefikiri siku tatu. Nimeona jambo ambalo wenzangu hawakuliona kwa sababu ya hasira.

Wimbo haukuwa na kosa. Watu walilia? Walilia. Walivuka mpaka? Walivuka, na ng'ombe. Kazi ilifanyika kama inavyotakiwa. Kilichokosekana ni marehemu, na hilo haliwezi kuwa kosa la mwanamuziki.

Kwa hiyo nimejiuzulu Nyarero Super Vijana na kuanzisha bendi yangu, ya misiba tu, pande zote za mpaka. Kwa sasa wanachama ni mimi na flashi. Mkutano wa kwanza umefanyika asubuhi kibandani. Nimechaguliwa kiongozi kwa kura zote, hakuna aliyepinga. Nimenunua daftari jipya, kubwa kuliko la Nashoni, nimeandika jina langu juu yake kwa kalamu tatu.

Eunice ananiuliza kama nimejifunza kitu. Nimemwambia nimejifunza sana, shida yote ilikuwa kuwahi.

Mchana nimeanza kutafuta kazi. Nilisikia Mzee Simioni wa Nyarero anaumwa kifua, wiki ya tatu hatoki ndani. Nikaenda na sukari kilo moja. Nimemkuta amekaa kitandani anakunywa uji, bakuli la pili. Nilivunjika moyo kidogo, lakini sikuonyesha. Nikamsalimia vizuri, nikamuuliza mkewe majina ya watoto wote, kwa mpangilio wa kuzaliwa, na mwenye kuishi mbali ni yupi. Mama wa watu akanitajia mmoja mmoja, mimi naandika. Alipouliza yote hayo ni ya nini, nikafunga daftari, nikamwambia kiongozi mzuri hujiandaa mapema.